Kusema na Watu Wako Bila Kuwavunja: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

"Balo mujaasi?"

Shangazi wa mke wangu, ambaye kwa Waganda ni ssenga, aliuliza hivyo akidhani sisikii: mumeo ni mwanajeshi? Alikuwa amefika kutoka upande wa Masaka na mkungu wa matooke na kuku aliyefungwa miguu, hajamaliza hata saa moja kwetu. Katika saa hiyo alikuwa amenisikia nikisema "leta chai," "funga mlango," "toa hiki hapa," na "nani amegusa simu yangu?" Sikuwa nimekasirika hata kidogo. Ndivyo nilivyojua kusema.

Nililelewa kwenye kambi ya polisi, upande wa Jinja. Watoto wa Kiteso, Kiacholi, Kilugbara na Kisamia tulikutana kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe tulikiokota kwa baba zetu, nao walikitoa gwarideni. Kilijaa amri, kikapungukiwa na maneno ya kubembeleza. Nje ya kambi, wazee wengi wa Uganda walikijua kama lugha ya mtu mwenye bunduki, awe askari wa kizuizi cha barabarani au jambazi wa usiku. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, Katiba ikakipa nafasi ya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kianze kutumika rasmi na kufundishwa shuleni. Yote hayo ni mema. Lakini tangazo la serikali halimtoi mtu woga alioupata akiwa na miaka saba.

Nimeanza na hilo kwa sababu mafundisho mengi ya mahusiano huanzia moyoni: uwe na subira, uwe na upendo, usiwe na kiburi. Mimi nimeona watu wenye moyo safi kabisa wakikimbiwa na watoto wao kwa sababu ya namna wanavyounda sentensi. Moyo ni mgumu kuugusa. Sentensi unaweza kuibadilisha leo jioni. Kwa hiyo tutaanzia mdomoni na masikioni. Haya yote nimeyajaribu nyumbani kwangu na kwa majirani, mengine yakanishinda mara mbili tatu kabla hayajakubali.

Hatua ya kwanza: chagua mtu mmoja, ujue tatizo ni la aina gani

Usiseme "nataka kuelewana na watu." Watu ni wengi mno. Chukua karatasi, andika jina moja: mkeo, kaka yako, mama mkwe, mwenzako wa kazini. Chini ya jina hilo andika mambo matatu. Mara ya mwisho mlikaa vizuri ilikuwa lini? Baada ya hapo nini kilibadilika? Na wewe ulifanya nini? Swali la tatu watu hulijibu kwa mstari mmoja, ilhali la pili limejaza ukurasa. Ukiona hivyo, rudi ukaliandike tena.

Halafu liweke tatizo kwenye kapu lake. Hapa nakopa kwa wataalamu. Kuna utafiti uliofanyika katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2003. Watu wenye sonona walikaa katika vikundi mara moja kwa wiki, dakika 90 kila kikao, kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa maeneo hayo hayo waliofundishwa kazi hiyo. Waliohudhuria walipata nafuu kubwa kuliko wenzao ambao hawakuwekwa kwenye vikundi. Hawakufundishwa "kufikiri vyema." Walizungumzia mahusiano yao, kwa njia ya tiba ambayo kwa kawaida huyagawa matatizo katika makapu manne: kufiwa, ugomvi na mtu, mabadiliko ya nafasi yako maishani, na upweke wa kukosa watu wa karibu.

Huhitaji kuwa mgonjwa ili makapu hayo yakufae. Jirani yangu mmoja alistaafu, na miezi mitatu baadaye yeye na mkewe walikuwa hawaongei. Redio ina kelele, chai haina sukari, nani ameacha mlango wazi. Wote wawili waliliita jambo hilo ugomvi. Ukilitazama vizuri, lilikuwa kapu la tatu. Kwa miaka yote ile, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, nyumba ilikuwa ya mama peke yake. Ghafla kuna mwanamume mzima amekaa sebuleni anauliza mbona ufagio uko hapa. Hapakuwa na kosa la kusameheana. Palihitajika kugawana upya kazi, saa na viti. Mzee alichukua kuku na safari ya sokoni asubuhi, na redio ikaacha kuwa kesi.

Kapu la upweke nalo watu hulisahau. Kuna anayegombana na mkewe kila Jumapili kwa sababu tangu ahamie Kampala hana rafiki hata mmoja, na amemtwika mke kazi ya kuwa kijiji kizima.

Hatua ya pili: rudisha salamu

Hii ni fupi, lakini usiiruke.

Ukimkuta Muganda analima, humwambii habari ya asubuhi na kupita. Unamwambia "gyebale ko, ssebo," yaani unamshukuru kwa kazi, ingawa shamba si lako na mahindi hutakula. Kiswahili chetu kina "pole na kazi," dada wa neno hilo. Huko Bunyoro na Tooro kuna empaako, majina 12 ya heshima na mapenzi kama Abwoli, Akiiki, Amooti na Atwoki, ambayo kila mtu hupewa moja juu ya majina yake mengine. Mwaka 2013 UNESCO iliiweka desturi hiyo kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Wenyewe wanajua kwamba kumwita mtu empaako yake kunapoza hasira. Ni vigumu kumtukana mtu ambaye umetoka kumwita Akiiki.

Zoezi la wiki moja: ukifika nyumbani, salimu kabla ya kuuliza chochote na kabla ya kutafuta chaja. Ngoja jibu. Kisha uliza swali moja ambalo haliwezi kujibiwa kwa "nzuri." Badala ya "habari za shule?" uliza "leo ulikaa na nani wakati wa chakula?" Mtoto wa miaka tisa atakupa habari za nusu saa.

Hatua ya tatu: sikiliza mpaka sentensi ya tatu

Jambo lenyewe mara chache huja katika sentensi ya kwanza. Mke wangu anauza nyanya na vitunguu. Jioni moja aliingia, akaweka beseni chini, akasema, "Leo wameongeza tena ushuru wa meza."

Nikamjibu, "Si nilikuambia uhame soko lile?"

Akaenda jikoni. Mazungumzo yakaishia hapo, na usiku ule ulikuwa mrefu. Wiki kadhaa baadaye alirudi na maneno yale yale kabisa, na safari hii nilikuwa nimejipanga. Nikageuza simu kifudifudi mezani.

"Wameongeza tena?"

"Tena."

"Kwa hiyo faida ya beseni zima inaishia kwenye meza."

Akanyamaza. Nami nikanyamaza, nikihesabu moyoni moja mpaka tano, kwa kuwa bila kuhesabu ningesema kitu. Ndipo akasema, "Pesa si neno. Yule kijana aliyekuja kukusanya alinitukana mbele ya wateja. Kijana wa rika la mdogo wangu."

Basi lile la ushuru lilikuwa mlango tu. Ningetoa ushauri wa kuhama soko, ningekuwa ninatibu mguu wa mtu anayeumwa jino.

Kwa vitendo, fanya hivi. Weka simu mbali au kifudifudi. Rudia ulichosikia kwa maneno yako mwenyewe, mara moja inatosha. Ukirudia kila sentensi utaonekana kasuku, na mtu atakuuliza umesomea wapi hayo. Acha kimya kikae. Ukishindwa kujua anataka nini, muulize waziwazi: "Nikusikilize tu, au tutafute la kufanya?" Swali hilo limeniokoa mara nyingi kuliko ushauri wowote niliowahi kutoa.

Kitu kingine kwa sisi wa nyumba za lugha mbili tatu. Mtu akichoka au akilia hurudi kwenye lugha aliyonyonya nayo. Kiswahili cha mke wangu ni kizuri, lakini jambo likimkaa kooni huenda Luganda. Zamani nilikuwa namwambia "sema Kiswahili nielewe." Siku hizi namwambia aseme tu, nitafuata. Ninapokosa neno namuuliza mwishoni, si katikati.

Hatua ya nne: omba, usiamuru

Hapa ndipo ssenga alinikamata. Kiswahili kina njia nyingi za kupunguza makali ya kitenzi, na sisi wa kambini tulikuwa na moja tu, nayo ndiyo kali kuliko zote. Zichukue hizi:

"Leta maji" inakuwa "naomba uniletee maji." "Funga mlango" inakuwa "nisaidie kufunga mlango." "Njoo hapa" inakuwa "ukipata nafasi, njoo tuongee kidogo." Luganda hufanya kazi hiyo kwa kipande kidogo tu mwishoni, -ko: badala ya kusema nipe maji, mtu husema kitu kama "nipe maji kidogo," hata kama anataka jagi zima. Ni uungwana uliofichwa ndani ya sarufi.

Watu wa Mombasa wakija Kampala huona tunasema kwa ukali, nasi tunawaona wanazunguka. Mkongomani wa Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, naye ana Kiswahili chake, na neno ambalo kwako ni la kawaida kwake linaweza kuwa tusi, au kinyume. Ukiona uso umebadilika baada ya neno dogo, usiendelee. Uliza: "Neno hilo kwenu lina maana gani?"

Usianzie nyumbani. Nyumbani wamekuzoea, ukianza ghafla kusema "naomba" watadhani umefanya kosa mahali. Anza na mtu wa boda, mama wa chapati, konda wa taksi. "Ssebo, naomba unipeleke mpaka stendi." Hapo ukikosea hakuna hasara. Baada ya wiki mbili mdomo unakuwa umelainika, ndipo uulete nyumbani.

Watoto nao ni watu. Nilipoanza kumwambia kijana wangu "naomba," rafiki zangu walinicheka kwamba nitaharibu mtoto. Mpaka sasa hajaharibika. Ila mtoto akikimbilia barabarani, sahau yote haya na upige kelele ya gwaride.

Hatua ya tano: peleka lalamiko kwa mwenyewe, mapema

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapovunjia.

Tuliishi kwenye mizigo, vile vyumba vya kupanga vilivyopangwa mstari mmoja, milango sita na mita moja ya umeme. Kila mlango ulitoa shilingi elfu kumi, tukanunua Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, ya elfu sitini. Zamani ilitufikisha tarehe 25. Ghafla ikawa inaisha tarehe 12. Wote tulisikia harufu ya chakula kikipikwa kwa jiko la umeme mlango wa nne, na wote tukanyamaza wiki tatu nzima, kila mmoja akimwambia mwenzake isipokuwa mhusika.

Siku umeme ulipokatika katikati ya mpira, niliandika kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji: "Kuna watu hapa wanapikia pesa za wenzao." Sikutaja jina, na nikajiona mstaarabu. Mama wa mlango wa nne hakujibu. Aliweka kwenye status yake methali ya kanga kuhusu wenye choyo, na orodha ya watazamaji ikamwonyesha kwamba sote tumesoma. Miezi miwili watoto wake hawakucheza na wangu. Maji ya bomba tulichota kwa zamu bila kutazamana.

Mafumbo na vijembe ni sanaa tamu sana ya Waswahili, na katika taarabu sina neno. Nyumbani yana kasoro moja: anayepigwa fumbo anajua ni yeye, lakini hana pa kujibia. Akijibu, ataambiwa "kwani nilikutaja?"

Nilipokuja kulifanya vizuri, nilikwenda Jumamosi asubuhi, saa ambayo hakuna aliyechoka wala mwenye njaa. Nilibisha hodi, nikasalimu.

"Jirani, nina neno. Kama nimekukuta vibaya, niambie nirudi baadaye."

"Sema tu."

"Kwanza, lile nililoandika kwenye kundi. Nililiandika kwa hasira, na nilipaswa kuja kwako. Hilo ni kosa langu. Pili, Yaka ya elfu sitini mwezi uliopita iliisha tarehe 12. Zamani ilifika 25. Mimi kwa sasa sina uwezo wa kuongeza, na watoto wamekuwa wakisoma kwa mshumaa. Naomba tuone pamoja tufanye nini."

Alisimama kidogo, mkono kwenye fremu ya mlango. Kisha akasogeza pazia. Ndani, kitandani, alikuwa amelala mama yake mzazi, ameletwa kutoka kijijini, hawezi kuinuka. Umeme ule ulikuwa unachemsha maji ya kumkandia na kumwogeshea. "Ningewaambia," alisema, "lakini mlinitazama vibaya kabla sijafungua mdomo." Tukakubaliana aongeze elfu tano kila mwezi hadi mama arudi kwake. Milango mingine ilipojua sababu, miwili ikakataa aongeze chochote.

Sasa tuitenganishe sentensi ile vipande, maana inaweza kutumika popote. Ina tukio linaloweza kuhesabika: tarehe 12, si "siku hizi unamaliza umeme." Ina lilivyonigusa mimi: watoto na mshumaa. Ina ombi ambalo mtu anaweza kulikubali au kulikataa. Haina neno "wewe" hata mara moja kwenye shutuma. Haina "kila siku," haina "hujawahi," haina "watu kama nyinyi." Na haina tabia yake ndani: sikusema ni mchoyo, nilisema umeme uliisha.

Muda wake ni ndani ya siku tatu. Chini ya saa moja bado una moto. Zaidi ya siku tatu umeshaanza kusimulia, na kila ukisimulia linakua. Mahali ni pale mlipo wawili tu. Si mbele ya watoto wake, si mbele ya wateja wake, si kwenye kundi la ukoo lenye watu mia. Kwenye simu, piga. Ujumbe wa maandishi hauna uso, na ujumbe wa sauti wa dakika nne ni hotuba.

Je, akilipuka? Usishindane naye kwa sauti. Sema, "Nimekusikia. Tupumzike, nitarudi jioni." Kisha urudi jioni, kweli kweli. Wanaume wengi tunaijua nusu ya kwanza tu ya ushauri huu: tunaondoka, tunakwenda kutazama mpira, na kurudi usiku wa manane tukitumaini limekufa. Halijafa. Limelala tu.

Hatua ya sita: jifunze kukataa, hasa pesa

Ada ya shule ya mpwa, mabugo, yaani mchango wa msiba, "nitumie elfu ishirini kwenye simu nitarudisha Ijumaa." Njia yetu ya kukataa ni kusema "sina," na kesho yake kuonekana na viatu vipya. Undugu hauuliwi na kukataliwa bali na kile kiatu.

Kabla mwezi haujaanza, tenga kiasi cha kusaidia, hata kama ni kidogo, uamue pamoja na mwenzako wa nyumbani. Kikiisha, sema ukweli wake: "Kaka, mwezi huu nilichotenga kimekwisha. Siwezi kukopesha elfu hamsini, lakini elfu kumi naweza kukupa, wala usirudishe." Mkopo kwa ndugu, ukiwezekana, ugeuze zawadi ndogo. Ukikopesha, andikianeni ujumbe wa simu wenye kiasi na tarehe siku ile ile, mkiwa bado mnacheka. Kuomba maandishi baada ya kuchelewa ni sawa na kumwita mtu mwizi.

Hatua ya saba: omba radhi kwa mpangilio

Kwanza tofautisha maneno. "Pole" ni ya mtu aliyepatwa. "Samahani" na "nisamehe" ni za mtu aliyefanya. Hapa Uganda tumezoea kusema pole kwa yote, hadi kwa makosa yetu wenyewe, na aliyeumizwa hubaki akijiuliza: unanipa pole, kwani aliyenikanyaga ni nani? Kama ni wewe uliyemwaga, sema nisamehe, nimemwaga mimi.

Waacholi wana mato oput, sherehe ya kupatanisha koo mbili baada ya mtu kuuawa. Jina lake lina maana ya kunywa mzizi mchungu wa mti wa oput. Wageni huvutiwa na kile kinywaji, lakini mimi huvutiwa na kilichotangulia. Kabla ya kufika kwenye kibuyu, upande uliokosa hukiri kilichotendeka, na fidia hukubaliwa. Kunywa ni mwisho. Kosa la kusahau siku ya kuzaliwa ya mkeo haliwezi kulinganishwa na damu, ila mpangilio unafaa: kiri, lipa, ndipo mkae pamoja. Sisi huanza na kukaa pamoja. Tunaleta kuku wa kuchoma na soda, tunacheka kwa nguvu, tukitumaini hatutaulizwa.

Kukiri ni kutaja kitendo chenyewe: "Jumapili nilikusema vibaya mbele ya dada zako." Usiseme "kama nimekukosea," maana "kama" hiyo inamwachia yeye kazi ya kuthibitisha. Usiunganishe na "lakini na wewe pia." Lako na lake ni kesi mbili, yake ataileta siku yake. Kulipa ni kurudisha kilichoharibika mahali kilipoharibikia. Ulimwaibisha mbele ya dada zake, basi mbele ya dada hao hao ndipo utakaposema ulikosea. Kumnong'oneza chumbani hakufikii deni.

Ukishaomba, usimdai asamehe papo hapo. Huenda akahitaji wiki. Katika wiki hiyo endelea na salamu na kazi zako, usinune kwamba radhi yako haijapokelewa.

Hatua ya nane: jua lini uite mtu wa kati, na lini uondoke

Mkishindwa mara tatu kwa jambo lile lile, leteni mtu. Ssenga kwa Waganda ana kazi hiyo kwa asili, na wapo wajomba, mashekhe, wachungaji, wazee wa mtaa. Chagua anayeheshimiwa na pande zote mbili na asiye na faida katika matokeo. Mama yako mzazi, hata awe na busara ya namna gani, hafai kuamua kesi yako na mkeo. Mweleze kabla ya kikao mnataka nini: awasikilize, au atoe hukumu? Kwa mambo ya mipaka, kelele na madeni madogo, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, ni mlango wa karibu, naye huwa ameshasikia mengi kuliko hayo yenu.

Lakini mwongozo huu wote ni wa watu wanaokwaruzana, si wa mtu anayepigwa. Kama kuna kipigo, vitisho au kunyimwa chakula, usikae kutafuta sentensi laini. Uganda ina Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010, na polisi wana kitengo cha kulinda watoto na familia. Kwa jambo la mtoto, namba 116, inayojulikana kama Sauti, hupigwa bure. Ondoka kwanza mahali pa hatari, kuongea kutakuja baadaye kama kutakuja.

Ukitaka ratiba

Wiki ya kwanza: karatasi na salamu tu. Ya pili na ya tatu: kuomba, kwa mtu wa boda kisha nyumbani, na kusikiliza mara moja kwa siku mpaka sentensi ya tatu. Wiki ya nne: lalamiko moja dogo, lile lisilokuumiza sana, upime mdomo. Makubwa yaache mpaka madogo mawili matatu yamepita salama. Radhi haina ratiba. Ukikumbuka deni, lipa. Utateleza. Mimi nikiwa na njaa bado hurudi gwarideni, na watoto wangu wamejifunza kusimama wima, mkono kwenye paji la uso, na kuitika "ndiyo afande!" mpaka nicheke.

Ssenga alikuja tena mwaka uliofuata, matooke na kuku kama kawaida. Nilikuwa nimekaa, nimejiandaa. Nikasema kwa sauti ya kutosha kufika jikoni, "Mama watoto, naomba unisaidie chai, ukipata nafasi."

"Sina nafasi, mume wangu," mke wangu akajibu kwa upole ule ule. "Chai iko kwenye chupa."

Nikainuka nikamimina, nikaanza na kikombe cha ssenga.

"Gyebale ko," akaniambia.